Kundi Linalobaki Waliomo Wakiondoka

Albamu ya kwanza ya The Clash, kundi la Uingereza lililopiga panki, yaani roki ya kasi na hasira iliyozuka katikati ya miaka ya 1970, ilitoka mwaka 1977 baada ya mpiga dramu aliyeirekodi, Terry Chimes, kujitenga, na jaladani akaandikwa kwa jina la kejeli, Tory Crimes. Katika albamu nne zilizofuata dramu zilipigwa na Topper Headon, na hapo linazuka swali ambalo Wagiriki waliliuliza kuhusu merikebu ya Theseus iliyobadilishwa mbao moja baada ya nyingine: je, aliyezisikiliza zote alisikiliza kundi lile lile?

Nairobi ililikabili swali hilo kwa uchungu zaidi. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa wa Simba Wanyika, bendi ya Nairobi iliyoasisiwa na ndugu wa familia ya Kinyonga kutoka Tanga, waliondoka na kuunda Les Wanyika, akiwemo Omar Shabani, mpigaji wa gitaa la rithimu, lile linaloshikilia mwendo wa wimbo. Jina la awali likabaki kwa waasisi, ilhali sehemu ya ule mwendo ilihama na vidole vya walioondoka, na pande zote mbili zilikuwa na haki ya kusema "sisi".

Waborana wa Isiolo, jamii iliyoko nchini Kenya, wanatoa jibu zito zaidi. Katika gada, mfumo wa marika unaokabidhi uongozi kila baada ya miaka minane, kuondoka ni sheria wala si msiba, kwa kuwa kila rika hujua linampokea nani na litampisha nani. Hata hivyo utaratibu peke yake hautoshi, maana Waborana wa Waso, yaani wa bonde la Ewaso Nyiro, walitengwa na wenzao wa kaskazini kwa mipaka ya utawala wa Waingereza, wakasilimu kwa wingi, gada ikafifia kwao, nao wakabaki Waborana kwa ukoo, kwa lugha na kwa wajibu wanaoukiri kwa waliowatangulia.

Kukiri huko ndiko kunakoonekana kuwa kiini cha umoja wa kundi, kuliko jina na kuliko hata sauti. Kwa kipimo hicho, nyimbo za 1977 zilikuwa halali ya Headon kuzipiga jukwaani, kwa kuwa mrithi hupokea kazi ya mtangulizi wake. Kosa la The Clash lilikuwa lile jina la kejeli, lililomnyima Chimes nafasi yake katika nasaba ya kundi alilosaidia kulizaa.