Mti Uliopandwa na Mti Uliojiotea

Kiswahili huita tiba za mimea dawa za miti shamba, ilhali sehemu kubwa ya mizizi na magome yanayobeba jina hilo haijapata kuota shambani, kwa kuwa huchimbwa msituni, nyikani na kando ya mito. Pengine neno shamba hapa limebaki na ile maana ya pwani, yaani upande wa nje ya mji. Mkulima wa leo wa mimea ya dawa hawezi kulikwepa swali lililojificha katika jina hilo: mmea ukihamishwa kutoka mwituni hadi kwenye kitalu, yaani mahali pa kuoteshea miche, je, uwezo wake wa kuponya huhama nao?

Waganga wengi huuendea mti kwa adabu: huusemesha, humtaja mgonjwa, na baadhi yao huacha sarafu shinani kabla ya jembe kugusa mzizi. Kitendo hicho hakina maana ikiwa dawa imo ndani ya gome kama chumvi ilivyomo baharini. Kinachukulia kwamba uponyaji hutokana na uhusiano wa watatu, yaani mti, mahali uliposimama na mtu anayeuomba. Ndiyo maana mmea wa bustanini hutiliwa shaka, kwa sababu umemwagiliwa, umepaliliwa na umekuwa mali ya mtu, na kilicho mali hakiombwi ruhusa.

Lugha nayo hudokeza mti huhesabiwa kuwa nini. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu alichokitoa mwaka 1956, aliyagawa yote yaliyopo katika mafungu manne kwa kufuata Kinyarwanda: umuntu (mwenye akili), ikintu (kisicho na akili), ahantu (mahali na wakati) na ukuntu (namna). Mimea huangukia fungu la pili. Hata hivyo Kinyarwanda chenyewe kinauletea mpango huo utata, kwani mti huitwa igiti, jina lililomo katika ngeli ya vitu, bali dawa huitwa umuti, mzizi ule ule wa neno ukiwa umevishwa kiambishi kingine. Haifai kujenga falsafa nzima juu ya kiambishi, na kwa kosa la namna hiyo Kagame mwenyewe amelaumiwa sana. Lakini ni vigumu kutoona kwamba wasemaji wa lugha hiyo hawakuihesabu dawa kuwa mti tu, bali mti uliogeuzwa, na kinachobishaniwa ni kile kinachougeuza.

Sayansi haiwapuuzi waganga katika jambo hili. Kemikali nyingi chungu hutengenezwa na mmea ili kujihami dhidi ya wadudu, ukame na jua kali, kwa hiyo baadhi ya mimea iliyodekezwa kwa maji na mbolea hutoa majani tele yenye ukali hafifu. Lakini mwarobaini, unaosifiwa pwani kwamba hutibu maradhi arobaini, asili yake ni Bara Hindi na uliletwa kwa mikono ya watu, wala anayeuchuma uani kwake haulaumu kwa kutozaliwa porini. Upori peke yake, basi, hauwezi kuwa chimbuko la nguvu.

Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilikabili suala hili kutoka upande mwingine. Katika kitabu chake Ihya, akizungumzia tawakuli, yaani kumtegemea Mungu, alizipanga sababu katika daraja tatu: za yakini, za dhana na za kuwaziwa tu. Kungoja mavuno bila kupanda alikuona kuwa wazimu, kwa kuwa kupanda ni sababu ya yakini. Dawa aliiweka katika dhana, hivyo kuitumia hakuharibu tawakuli. Anayepanda dawa anasimama katika daraja mbili kwa wakati mmoja, ingawa mbegu ya mwarobaini, inayopoteza uhai ndani ya majuma machache, humkumbusha kwamba hata yakini ina masharti.

Kuna pia suala la uzao. Kipandikizi, yaani kipande cha tawi kilichochomekwa ardhini kitoe mizizi, ni mwili ule ule wa mti mama, ilhali mche wa mbegu ni mtoto. Ikiwa ruhusa hutolewa na mti, kipandikizi kinaweza kudai kwamba kinayo tayari. Ikiwa hutolewa na mahali, hakuna tawi linaloweza kuibeba.

Mti wa milimani uitwao kitaalamu Prunus africana unalifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Gome lake hutumiwa Ulaya kwa uvimbe wa tezi dume, na wachunaji walipolibandua kuzunguka shina zima, miti ilikufa, hata biashara yake ya kimataifa ikawekewa udhibiti wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 1995. Adabu ya kale ilikuwa na kipimo ndani yake, kwani anayemtaja mgonjwa mmoja huchukua gome la mgonjwa mmoja, ilhali mnunuzi wa tani hana wa kumtaja. Mkulima anayeotesha mbegu za mti huo naye hana jina la kutaja, kwa sababu miaka mingi itapita kabla ya gome kufaa kuchunwa, na atakayelihitaji pengine leo ni mzima. Tofauti ni kwamba yeye ameanza kwa kutoa, na ombi lake limeutangulia ugonjwa.