Noeli Kigobe: Nani Yuko Mbali na Kwao?

Usiku wa tarehe 24 Desemba mwaka juzi nilimpelekea baba yangu chakula Kigobe. Baba ni zamu. Hapa Bujumbura neno hilo halina maana ya kupokezana kazi tu. Ndilo jina la mtu anayelinda lango la nyumba. Mvua ilikuwa imekatika, na maembe yaliyoangushwa na upepo yalikuwa yametapakaa njiani. Tulikuwa kwenye benchi lake tukila wali na maharage, pamoja na vipande vichache vya nyama kwa ajili ya sikukuu, bosi wake alipotoka nje. Ni mama wa makamo kutoka Ulaya, anafanya kazi katika shirika la misaada, na Kiswahili chake alikipata Goma kabla ya kuhamishiwa huku. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ametoka kuzungumza na watoto wake kwa simu. Alitupa sahani ya keki, akakaa nasi kidogo, akasema kwamba hiyo ilikuwa Noeli yake ya tatu mbali na kwao na kwamba hazoei. Kisha akamwuliza baba, "Na wewe, papa, kwenu ni wapi?"

"Kayanza, Madamu."

"Aa! Basi una bahati. Wewe uko nyumbani."

Baba akajibu, "Ndiyo, Madamu," akainuka kwenda kukagua ukuta wa nyuma.

Kutoka Bujumbura hadi Kayanza ni kama kilomita 100. Wakati huo baba alikuwa hajala Noeli Kayanza kwa miaka tisa.

Yule mama hakuwa na nia mbaya, na mimi sikuandika insha hii ili kumshitaki. Lakini maneno yake yaliniachia maswali mawili. La kwanza: umbali wa mtu na kwao unapimwa kwa kipimo gani? La pili: watu wawili walio mbali na kwao wakikutana kwenye lango moja, mmoja ndani na mwingine nje, wanadaiana nini?

Nianze kwa kumtendea haki mgeni wa ndani. Nilipowasimulia wenzangu kisa hiki, baadhi yao walicheka. Walisema yale ni machozi ya shibe: ana mshahara, ana gari, ana uwezo wa kukata tiketi ya ndege, analilia nini? Sikubaliani nao. Sikukuu ni kitu ambacho fedha zinakikaribia tu, hazikifikii. Mtu anaweza kununua kuku, divai na taa za rangi, lakini hawezi kununua kaka anayejua ni kiti kipi chako mezani. Mtu aliyezoea Noeli ya baridi na usiku mrefu, akiipokea katika joto na mvua za Ziwa Tanganyika, anahisi kwamba hata mwili wake haumwamini anapouambia kuwa leo ni sikukuu. Huzuni hiyo ni ya kweli, na mtu hapotezi haki ya kuhuzunika kwa sababu ana mshahara mzuri.

Zaidi ya hayo, Noeli yenyewe ilifika kwetu mikononi mwa watu waliokuwa mbali na kwao. Mapadri Weupe waliofika Rumonge mwaka 1879 waliuawa huko mwaka 1881, na misheni ya Muyaga haikuanzishwa hadi 1898. Mababu zetu waliisikia habari ya Noeli kutoka kwa watu ambao mama zao walikuwa ng'ambo ya bahari. Na habari yenyewe ni ya nini? Ni ya mwanamke aliyejifungua katika mji ambao hakuwa na nyumba, kwa sababu serikali iliamuru watu wahesabiwe. Kuwa mbali na nyumbani, basi, si doa katika Noeli. Kumo ndani yake tangu mwanzo.

Sasa nirudi kwenye kipimo. Yule mama alipima kwa kilomita, na kwa kilomita alikuwa sahihi. Ila kilomita zinampima anayeweza kusafiri. Ili baba afike Kayanza anahitaji vitu vitatu. Anahitaji nauli, na katika miaka hii ya uhaba wa petroli magari ya kupanda milimani yamekuwa machache na nauli zimepanda. Anahitaji ruhusa. Tena anahitaji mtu wa kukaa mahali pake, ambaye atamlipa kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Ukiongeza nguo za watoto na kilo mbili za nyama, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi na baba hawezi kufika siku ya Noeli bila kitu, safari ya saa chache inameza mshahara wa mwezi. Yule mama anatenganishwa na kwao na bahari na majangwa, lakini akiamua leo, kesho kutwa yuko kwao. Kwa hiyo napendekeza kipimo kingine: mbali ni mahali ambapo huwezi kwenda hata ukitaka. Kwa kipimo hicho, Kayanza iko mbali kuliko Ulaya.

Mtu anaweza kunipinga hapa. Baba naye alichagua. Hakuna aliyemfunga kamba na kumleta Kigobe. Aliliacha shamba kwa hiari yake kama yule mama alivyouacha mji wake. Pingamizi hili ni zito, na jibu bora ninalolijua ni la zamani sana. Katika kitabu chake cha maadili, Aristotle anatoa mfano wa nahodha anayetupa mizigo baharini wakati wa dhoruba. Je, ametenda kwa hiari? Kwa namna fulani ndiyo, maana mikono ni yake. Lakini hakuna mwenye akili timamu ambaye angetupa mizigo yake bahari ikiwa shwari. Baba alizaliwa Kayanza, kwenye mashamba ya kahawa na chai, ambako watu wamebanana na ardhi hugawanywa kati ya ndugu hadi fungu la mtu linakuwa dogo mno kumlisha. Aliitupa Noeli yake ili mashua isizame. Yule mama naye ana gharama aliyoilipa, lakini aliilipa bahari ikiwa shwari zaidi. Tofauti yao haiko kwenye uchungu. Iko kwenye upana wa njia waliyoweza kuichagua.

Ndipo ninapolirudia neno lenyewe. Katika Kiswahili sanifu zamu ni nafasi ya mtu katika kazi inayopokezwa: leo mimi, kesho wewe. Haki imo ndani ya neno hilo tayari, kwa sababu mzigo usioweza kuondolewa angalau unaweza kuzungushwa. Huku kwetu neno limemganda mtu mmoja. Hatusemi kwamba baba yuko zamu. Tunasema baba ni zamu. Tumemwita kwa jina la kitu kinachopita, halafu kwake hakipiti. Miaka tisa si zamu tena.

Najua nitaambiwa kwamba lazima mtu alinde. Ni kweli. Wauguzi hawafungi hospitali tarehe 25, na mwizi haendi likizo. Tena baba akipewa ruhusa, atakayekaa mahali pake atakuwa naye mtu mwenye kwao. Lakini hoja hii, ukiisikiliza vizuri, haimtetei anayemweka mtu yule yule langoni kila mwaka. Inadai kinyume chake. Kama haiwezekani wote wawe nyumbani, basi kutokuwepo kugawanywe. Hapa Bujumbura jambo hilo si gumu. Vijana wa Kiislamu wa Buyenzi wanaweza kulinda Noeli kwa malipo mazuri, na zamu Mkristo akalinda Idi. Kinachotakiwa ni mwenye nyumba kuuliza mapema na kulipa tofauti. Keki ya yule mama ilikuwa tamu, na ilitoka moyoni. Lakini keki hutolewa tarehe 24, wakati ruhusa ya kwenda nyumbani inapaswa kutolewa Novemba. Ukarimu unaweza kusubiri hadi moyo uguswe. Haki inahitaji kalenda.

Msomaji asidhani nazungumza juu ya wazungu peke yao. Kigobe, mtaa wa kuta ndefu ambao nchi nzima inaujua kwa jumba la mikutano linalotumiwa na Bunge, una wenye nyumba wengi ambao ni Warundi wenzetu, na hata katika mitaa ya kawaida tunao yaya na zamu tusiojua kilima walikozaliwa. Sisi hatuna hata kisingizio cha ugeni. Binti wa shangazi yangu yuko Saudia, akifanya kazi za nyumbani, mmoja wa wale waliokwenda baada ya nchi yetu kutia saini makubaliano na nchi hiyo mwaka 2021. Kule tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi kama nyingine. Familia nzima humwombea bosi wake awe na macho: aone kwamba msichana yule jikoni leo ana siku yake, ampe hata saa moja ya kuwapigia simu wazazi. Ombi hilo ni jema. Lakini tunalolitaka kwa watu wa Riyadh tusipolitenda Bujumbura, maombi yetu yana ila.

Kwa hiyo naona kwamba upweke wa mgeni haumpi haki zaidi ya wengine, ila unampa ujuzi. Yule mama alijua, usiku ule, jambo ambalo wengi wa mjini hawalijui: sikukuu bila watu wako ina ladha gani. Kosa lake halikuwa kulia. Alikuwa na ufunguo mkononi na hakuona kwamba unafungua mlango wa mtu aliyekaa naye benchi moja.

Mwaka jana mwezi wa Novemba nilimwendea. Nilimwomba nikae langoni mimi kwa siku nne ili baba aende. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Papa hajaenda tangu lini?" Nilipomwambia, aliketi. Alitoa nauli ya kwenda na kurudi, na mshahara wa baba haukukatwa. Namshukuru. Hata hivyo sijidanganyi kwamba tulitenda haki kamili, kwa sababu zamu haikutoka katika familia yetu. Ilitoka kwa baba ikaja kwangu, na mama yangu aliyempata mume Noeli hiyo alimkosa mtoto. Lakini angalau ilipokezwa.

Baba alirudi tarehe 27 na kikapu cha viazi. Nilimwuliza safari ilikuwaje. Akasema kahawa iko vizuri na paa linavuja. Kisha akanieleza kuhusu mdogo wangu wa mwisho, ambaye alikuwa hajawahi kumwona nyumbani siku ya Noeli. Alipomwona anaingia uani alikimbilia ndani, akatoka na kile kiti tunachowawekea wageni, akakipangusa vumbi kwa mkono, akamwambia baba yake, "Karibu."

Baba aliketi.