Jina Halishiki Usukani



Phineas Kimathi alikuwa dereva wa mbio za magari hapa Kenya. Mwanawe alimwita McRae, jina la Colin McRae, Mskoti aliyeshinda Safari Rally mwaka 1997, 1999 na 2002. Februari 2022 kijana huyo alishindana kwenye theluji ya Uswidi, mbio za dunia. Jina alipewa bure, lakini zile kona alizikata mwenyewe. Jina halikumshikia usukani.

Sisi Abagusii pia huwapa watoto majina ya waliotangulia. Kifungua mimba wangu nilimpa la marehemu baba yangu, mzee wa kanisa. Leo anaendesha boda boda pale Keroka, na Jumapili hatumwoni. Majuzi nikamkemea: "Unalitia aibu jina la babu yako!"

Akanijibu polepole: "Tata, babu sikumjua. Nilikujua wewe, na nyumbani sijawahi kukuona umepiga magoti."

Usiku huo sikulala. Je, kosa ni lake ama ni langu? Ezekieli 18 inasema kila mtu atabeba dhambi yake. Sawa, lakini hiyo hainiondolei yangu. Imani ya Timotheo ilikaa kwanza ndani ya Loisi na Eunike (2 Timotheo 1:5), kisha Paulo akamwambia aichochee mwenyewe karama ya Mungu iliyo ndani yake.

Tangu siku ile naomba sebuleni, si chumbani. Kijana bado hajarudi. Usukani ni wake. Kuonekana nikiendesha wangu, hiyo ni juu yangu.