Kadiri ya Haja: Mzigo wa Duka katika Njia ya Watu Wote

Katika fikihi, yaani elimu ya hukumu za Kiislamu juu ya matendo ya watu, njia ya umma haihesabiwi kuwa mali isiyo na mwenyewe. Huhesabiwa kuwa mali yenye wenyewe wengi mno, wasioweza kuigawana, na kila apitaye ana fungu lake ndani yake ambalo haliuziki wala halirithiwi. Juu ya msingi huo huzuka swali ambalo kwa kulitazama harakaharaka mtu hudhani ni la maofisa wa manispaa peke yao: mwenye duka katikati ya mji uliobanana, ambaye hawezi kuuza asipoletewa bidhaa, ana haki ya kuishika njia kwa kiasi gani, na kwa muda gani, ili mzigo wake ushushwe? Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari yasimulia kwamba watu wakihitilafiana juu ya upana wa njia, kipimo chake kiwe dhiraa saba, na Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, alipoisherehesha hadithi hiyo alieleza kwamba hekima ya kipimo hicho ni mizigo ipate kuingia na kutoka, na pabaki nafasi ya vitu ambavyo watu hawana budi kuviweka milangoni mwao. Ushushaji wa mizigo, kwa hiyo, ulikuwamo ndani ya hesabu tangu mwanzo. Lakini dhiraa ni umbali wa kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, na njia ya dhiraa saba haizidi sana mita tatu. Lori la Ulaya, ambalo sheria za huko huliruhusu upana wa hadi mita 2.55, likisimama katika njia hiyo kushusha katoni mbili za viatu, huwaachia waja wote waliobaki upenyo usiotimia mita moja.

Aliyelichambua jambo hili kwa karibu zaidi ni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki. Katika Ihyaa Ulumuddin, kwenye mlango wa kuamrisha mema na kukataza maovu, aliyatengea maovu ya njiani sehemu yake, na humo msomaji hakutani na makafiri wala walevi, bali hukutana na wanyama waliofungwa mahali penye kubana, magunia ya nafaka yaliyoachwa chini, na punda waliobebeshwa miiba inayorarua nguo za wapitao. Hukumu yake ni kwamba kumfunga mnyama njiani hata akawabana watu ni uovu wa kuzuiwa, isipokuwa kwa kadiri ya haja ya kushuka na kupanda, kwa kuwa manufaa ya njia ni ya wote na hapana mtu wa kujitengea njia ila kwa kiasi cha haja hiyo. Kuhusu mzigo wa miiba akaongeza sharti lenye uzito mkubwa: ni uovu ikiwa yamkini kuufunga usirarue, au kumgeuza mnyama apite mahali penye wasaa; lakini ikiwa haiyamkini, hakuna kuzuia, kwa maana watu wa mji wanauhitaji, ila usiachwe umelala njiani kupita muda wa kuuhamisha.

Maneno mawili ndiyo yaliyobeba hukumu hiyo, nayo ni haja na imkani, yaani uwezekano wa kufanya vinginevyo. Wasomaji wengi huishika haja na kuiacha imkani, na hapo ndipo wenye maduka wanapopata udhuru wao wa kila siku: bidhaa lazima zifike, kwa hiyo gari lazima lisimame. Hoja hiyo ni sahihi mradi tu hakuna njia nyingine. Haja si kitu kilichosimama mahali pamoja kama nguzo. Hupanuka pale ambapo njia nyingine hazipo na hupungua pale zinapopatikana, na mtu aliyekuwa na udhuru mwaka jana anaweza kuwa mkosaji mwaka huu ingawa hakubadilisha tendo lake hata kidogo, kwa sababu tu kimejengwa kitu ambacho hakikuwapo. Kitu hicho, katika miji ya zama hizi, ni bohari ya kuunganishia mizigo.

Bohari hiyo ni ghala lililo kando ya mji, karibu na barabara kuu, ambalo hupokea bidhaa za wasambazaji mbalimbali, huzipanga upya kwa kufuata mitaa badala ya kufuata makampuni yaliyozileta, kisha huzipakia pamoja katika magari machache madogo, mara nyingi ya umeme, yanayoingia mjini yakiwa yamejaa. Duka lililozoea kuletewa magari matano kwa siku, kila moja likiwa na furushi lake, huletewa moja lenye mafurushi matano. Bristol, nchini Uingereza, ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 2004 kwa ajili ya maduka ya eneo la Broadmead, na kwa maduka yaliyojiunga, safari za kuleta bidhaa zilipungua kwa takriban robo tatu. Nijmegen, nchini Uholanzi, ilianza mwaka 2008 kwa mbinu iliyo rahisi kuliko zote: mwenye duka hakuombwa afanye lolote ila kubadilisha anwani yake ya kupokelea mzigo, ikawa ya bohari, na malori yakaenda huko yenyewe bila madereva kushawishiwa.

Yapasa kuulizwa kwa nini jambo jepesi kiasi hicho halikufanyika mapema na lenyewe. Jibu ni kwamba madhara ya msongamano hayana mtendaji. Kila dereva akihojiwa peke yake ni mtu asiye na hatia, amesimama dakika kumi, ameomba radhi, ameondoka. Ukichukuliwa mbali mzigo wake mmoja, mtaa hautahisi tofauti. Derek Parfit, mwanafalsafa Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1984, Reasons and Persons, alionyesha kuwa ni kosa kudhani tendo halina ubaya kwa sababu tu athari yake pekee haihisiki, ikiwa linaungana na matendo mengine ya aina yake na jumla yake inaumiza. Fikihi hufikia hapo hapo kwa njia fupi zaidi, maana haianzii kwenye madhara bali huanzia kwenye fungu: asimamishaye gari nusu tupu mahali ambapo mzigo wake ungeweza kuja pamoja na wa jirani amechukua fungu la njia lisilo lake, awe ameumiza mtu au hakuumiza.

Roma ya kale ilijaribu dawa nyingine, ile ya saa. Sheria inayonasibishwa na Julius Caesar ilizuia magari mengi ya mizigo kuingia mjini tangu kuchomoza kwa jua hadi saa ya kumi ya mchana kwa hesabu yao, na mshairi Juvenal akaja kulalamika kwamba kelele za magari usiku haziwaachi watu walale. Madhara yalikuwa yamehamishwa tu, kutoka miguuni hadi masikioni.

Pwani ya Waswahili inayo mifano miwili, wa kuunganisha mizigo na wa kupishana, ambayo mtu hahitaji safari ya Ulaya ili kuiona. Mji wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, umo kisiwani, na malori ya kutoka bara huishia Mokowe. Kuanzia hapo mzigo wa kila mtu, awe tajiri wa saruji au mwenye genge la vitunguu, hushushwa, hupakiwa chomboni pamoja na mizigo ya wengine, hufika gatini, na kutoka gatini huingia mitaani juu ya punda. Bahari imefanya kazi ya bohari bila kumwomba mtu ridhaa. Katika vichochoro vya huko hatua za mwisho za mzigo huonekana wazi: punda mwenye mfuko wa mchanga kila ubavu hutanda ukuta hadi ukuta, mwongozaji hupaza sauti kabla ya kona, aliyekuja upande wa pili hupanda barazani, mgongo ukutani, kapu likiinuliwa juu ya kichwa, na mzee aliyeketi hukunja miguu bila kukatiza mazungumzo. Baraza, inayosifiwa mno kwa mazungumzo na kahawa, hapo imekuwa mahali pa kupishana, na mwenye nyumba aliyeijenga amerudishia njia sehemu ya nafasi aliyoichukua.

Kuna pingamizi la kifikihi ambalo mwanafunzi makini hawezi kuliruka. Mtume alikataza kuwatokea wenye misafara njiani na kununua bidhaa zao kabla hazijafika sokoni, katazo linalojulikana kwa jina la talaqqi rukban. Je, bohari inayosimamisha bidhaa nje ya mji haiingii ndani ya katazo hilo? Haiingii, kwa sababu illa, yaani sababu inayobeba hukumu, ni ujinga wa bei: msafiri hajui bei ya soko na anayemtokea anaijua, na watu wa sokoni nao wananyimwa nafasi. Bohari hainunui kitu wala haiuzi. Umiliki wa mali unapita juu yake kama ndege apitavyo juu ya paa. Hatari huanza siku mwendesha bohari anapokuwa mfanyabiashara pia, kwa kuwa anaona ni duka gani linauza sana, ni bidhaa gani zimekwisha na ni nani amechelewesha malipo. Hapo msafara umetokewa tena, safari hii si kwa ujinga wa bei ya soko bali kwa siri za sokoni kujulikana na mtu mmoja.

Lililo zito zaidi, na ambalo waandishi wa mipango ya miji hulipitia kwa sentensi moja, ni amana. Mwenye duka aliyezoea kupokea katoni kutoka mkononi mwa dereva wa msambazaji wake, akaihesabu, akatia sahihi, sasa anaombwa akubali kwamba kati yao amesimama mtu wa tatu. Katoni ikifika imelowa upande mmoja na vikombe vitatu vimevunjika, ni nani alipe? Wanasheria wa Kiislamu walimjua mtu huyo wa tatu na kumwita ajiri mushtaraka, yaani mfanyakazi anayekodiwa na wengi kwa wakati mmoja, kama vile fundi cherehani, dobi au mchukuzi. Abu Hanifa aliona kwamba mali iliyo mkononi mwake ni amana, hivyo halipi isipokuwa amefanya uzembe au amevuka mipaka. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, walimhalifu mwalimu wao, wakamtaka alipe isipokuwa kwa janga lisiloepukika kama moto ulioenea. Wafuasi wa Malik waliwabebesha mafundi dhamana, na wachukuzi wa chakula hasa, kwa kuwa mkono wa mtu huwa mwepesi karibu na kinachoweza kuliwa njiani. Ali bin Abi Talib naye husimuliwa kwamba aliwatoza mafundi akisema kuwa mambo ya watu hayatengemai bila hilo. Kauli ya akina Abu Yusuf ndiyo inayofaa zaidi kwa bohari, kwa sababu mwenye duka hakuwapo ghalani na hawezi kuthibitisha uzembe wa mtu asiyemwona. Kumdai ushahidi huo ni kumnyima haki yake kwa adabu.

Je, yafaa kumlazimisha asiyetaka? Monaco, dola lililobanwa kati ya mlima na bahari, tangu mwaka 1989 limeyataka malori mazito yaache mizigo yao boharini. Bristol na Nijmegen zilishika njia ya hiari. Katika dola za Kiislamu mwenye kazi hiyo alikuwa muhtasibu, msimamizi wa soko, na al-Shayzari, katika kitabu cha mwongozo alichowaandikia wenye cheo hicho katika karne ya 12, aliwataka wazuie mizigo ya kuni, majani makavu na viriba vya maji isiingie sokoni ikachafua nguo za watu, na wasimamie wanyama washushiwe mizigo wanaposimama. Muhtasibu alilazimisha, basi. Lakini mji unaolazimisha unapaswa kwanza uwe umeijenga hiyo njia nyingine, tena kwa gharama ambayo mwenye duka dogo anaimudu, la sivyo sharti la imkani halijatimia na aliyekatazwa bado ana udhuru wake.

Limebaki suala la mchukuzi. Kariakoo, Dar es Salaam, lori la fuso likishusha mzigo, riziki ya watu kadhaa hushuka pamoja nao: wa mkokoteni, wa guta la magurudumu matatu, wa kubeba begani hadi ghorofa ya tatu, na wa kufunga marobota ya wateja wa Zambia na Kongo palepale kandokando ya barabara. Wengi wao wanaishi kwa hesabu ya safari, na kuunganisha mizigo ni kupunguza safari. Kanuni ya fikihi yasema madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo mfano wake, na hakuna sababu ya kanuni hiyo kumlinda mpita njia na kumwacha hamali. Aweza kujibiwa kwamba bohari nayo yahitaji mikono, na jibu hilo ni la kweli kwa baadhi yao, hasa walio vijana na wanaojua kusoma hati za mzigo. Mwenye miaka hamsini aliyejikopea guta lake hana la kufanya na jibu hilo. Lamu hakuna aliyelazimika kuuliza swali hili, maana hata mizigo ikusanywe vipi gatini, kichochoro hakimpitishi mwingine ila punda na mtu. Mitaa ya Kariakoo inatosha kirikuu, gari dogo la mizigo, kuingia, na mpango wa kuipunguzia msongamano ukija, hamali atakuwa wa kwanza kuona kwamba upana huo haukuwa upande wake.