Jina la Aliye Pichani

Picha huhifadhi sura ya mtu ikalipoteza jina lake. Je, aliye hai ana haki ya kumpa marehemu jina asilo na hakika nalo?

Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walifika Bukoba mwaka 1910. Picha nyingi za zama hizo zilikwenda Ulaya na maelezo mafupi: mahali, kabila, na pengine jina la Mzungu aliyekaa katikati. Waliomzunguka ni “Wahaya”, basi. Kumbe huko Kamachumu mtu hujulikana kwa ukoo wake, na manju wa nanga humwimba shujaa kwa jina na sifa zake.

Mwaka 2014 msanii Wendy Red Star, wa taifa la Crow la Marekani, alizichukua picha za wakuu wao waliokwenda Washington mwaka 1880, akaziandika kwa wino mwekundu majina na maana ya mavazi. Ametenda haki. Lakini majina ya wakuu wale yalikuwa yamehifadhiwa.

Asiyehifadhiwa jina afanyiweje? Huruma husema: mpe linalomwelekea. Uadilifu unakataa. Kumbandika jina la babu wa mwingine ni kumzika mara ya pili, katika kaburi lisilo lake; ukoo mmoja ukajipatia mzee, mwingine ukampoteza daima. Afadhali picha irudi Kamachumu, wazee waitazame, kila jina liandikwe pamoja na aliyelitaja, na pasipo jina pabaki wazi. Pengo hilo si dharau. Ni kiti alichowekewa mwenyewe.