Nyumba Moja, Mifuko Miwili



Swali linalorudi mara nyingi katika ukurasa huu ni la fedha. Mama anasema mume wake hajui bei ya unga. Baba anasema mke wake hajui jasho linatoka wapi. Wote wawili wanauliza: tufanyeje ili kidogo tunachopata kitufikishe mwisho wa mwezi? Leo nitawajibu kwa kuwapeleka katika nyumba moja ya Nyamasaria, mashariki mwa mji wa Kisumu, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi. Wenye nyumba wameniruhusu kusimulia, mradi nisiwataje.

Baba ni fundi wa kujenga. Hulipwa Jumamosi, juma lenye kazi. Mama huuza omena sokoni. Wamefunga ndoa kanisani na Mungu amewajalia watoto wanne. Mwezi wa Juni binti yao mkubwa, mwanafunzi wa sekondari, alirudishwa nyumbani kwa sababu ya salio la karo la shilingi 9,000. Akakaa nyumbani majuma mawili. Baba akakopa shilingi 3,000 kwa simu akazipeleka, akaambiwa hazitoshi. Mkopo ukaanza kuzaa ada, na mtoto bado yuko jikoni anapepeta omena badala ya kusoma.

Jumuiya Ndogo ya Kikristo ilikuwa imesali rozari kwao jioni ile. Watu walipoondoka, mama akaniomba nibaki kidogo. Ndipo ugomvi ukafunguka. Mama alisema baba ana mkono mwepesi kwa watu wa ukoo na mzito kwa watoto wake. Baba naye alisema fedha ikiingia jikoni haionekani tena. Niliwasikiliza, kisha nikawauliza swali moja tu: je, kila mmoja wenu ana akiba gani ambayo mwenzake haijui?

Kimya. Mtoto mdogo akaambiwa aende nje.

Baadaye mama akasema, akiangalia chini, kwamba ana shilingi 7,000 alizomwekea dada yake. Baba akakohoa. Yeye alikuwa na 5,000 kwa mweka hazina wa kikundi cha mafundi. Ndugu zangu, fanyeni hesabu. Nyumba ilikuwa na shilingi 12,000. Deni la shule lilikuwa 9,000. Na watu hawa wawili walikopa kwa ada, na binti yao akapoteza masomo ya majuma mawili!

Angalieni kwamba hapa hapakuwa na mlevi wala mfujaji. Wote wawili walikuwa waangalifu. Kila mmoja alijibana, akalala na njaa siku nyingine, ili watoto wapate kesho. Kilichokosekana si kubana matumizi, ni kuaminiana. Mama alificha kwa sababu mwaka uliopita baba alichukua fedha zake za kununulia mali akazitoa mchango wa matanga ya jamaa, bila kumwuliza. Baba alificha kwa sababu kila senti iliyoonekana nyumbani ilipata kazi kabla ya jua kuzama. Mimi siwezi kuharakisha kumlaumu mama anayeficha. Mara nyingi amejifunza kuficha, na aliyemfundisha yumo humo ndani. Kwa hiyo jioni ile nilimtaka baba aanze yeye kuomba msamaha, akaomba.

Someni nyumbani Matendo ya Mitume, sura ya 5, habari za Anania na Safira. Waliuza shamba, wakazuia sehemu ya fedha, wakasema wameleta yote. Petro hakumwambia Anania kwamba kuweka fedha ni dhambi. Alimkumbusha kuwa shamba lilikuwa lake, na hata lilipouzwa fedha zilikuwa mikononi mwake. Dhambi ilikuwa uongo. Na tazameni jambo la ajabu: mume na mke wale walipatana vizuri kabisa, ila walipatana kudanganya. Katika nyumba zetu nyingi mambo ni kinyume. Kila mmoja ana nia njema, lakini hawapatani. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya familia wa mwaka 1981, Familiaris Consortio, alifundisha kwamba umoja wa wenye ndoa unawadai washirikishane vile walivyo na vile walivyo navyo pia. Siku ya arusi tunashangilia lile la kwanza. Lile la pili tunaliacha mlangoni pa kanisa.

Basi, nifanye nini siku ya Jumamosi fedha zinapoingia? Kabla ya mtu yeyote kutumwa dukani, kaeni wawili na daftari la mtoto lililobaki kurasa. Andikeni kilicholetwa na baba, andikeni na faida ya mama. Kisha toeni kwanza vile visivyongoja: karo, kodi ya nyumba, sadaka, na kiasi cha akiba hata kama ni shilingi 50. Kinachobaki ndicho cha kula. Wengi tunafanya kinyume, tunakula kwanza halafu tunaweka kilichobaki, na hakuna siku kilichobaki kimewahi kubaki.

Katika daftari hilo wekeni pia mstari wa matanga. Najua wasomaji wangu wa kando ya ziwa mtanikunjia uso. Kuwazika wafu ni tendo la huruma, nami silipingi. Ninachosema ni kwamba kiasi cha mchango mkipange wawili mapema, wakati hakuna anayelia. Karatasi ya mchango ikifika mlangoni, baba atoe kile kilichopangwa, wala asione haya kusema, "Hiki ndicho tulichokubaliana na mama watoto."

Tena, kila mmoja apewe fedha kidogo asizoulizwa. Baba anunue gazeti au chai na wenzake, mama anunue kanga au amtumie mama yake sukari. Wapo wahubiri watakaosema ninafungua mlango wa siri. Mimi naona ninaufunga. Mtu asiye na shilingi 100 ya kwake atajitafutia 1,000 gizani.

Sasa tuje jikoni, maana huko ndiko fedha zinakotoboka. Nyumba ile ilikuwa ikinunua makaa kwa mkebe kila siku. Mkebe wa muuzaji mnaujua, chini umebonyea ndani kama vile ulipigwa kwa makusudi! Nikawaambia wanunue gunia pamoja na jirani, wagawane, na siku hiyo wapime kwa mkebe uleule waone gunia lina mikebe mingapi. Hesabu hiyo itawafundisha kuliko mahubiri yangu. Jiko nalo liwe lile la udongo ndani na bati nje. Jiko la bati tupu linapasha moto ukuta wa jirani. Maharage na nyoyo yalowekwe usiku, yachemke sawasawa juu ya moto, kisha sufuria yenye mfuniko iwekwe katika kapu lililojazwa blanketi kuukuu na kufunikwa vizuri. Yataendelea kuiva yenyewe bila kaa hata moja, na mama anaweza kwenda sokoni.

Na omena? Hapo ndipo nilipocheka, nao wakacheka, mara ya kwanza jioni ile. Kwa miaka mingi serikali ya Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena katika ziwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaliane. Bei hupanda. Mama yetu, mfanyabiashara wa omena, alikuwa ameuza yote wakati wa wingi, na Juni ile alikuwa akinunua omena ya kula nyumbani kwake kwa bei ya wateja! Yusufu kule Misri hakuweka nafaka wakati wa njaa. Aliweka wakati wa shibe. Mwezi wa Februari na Machi, mama, toa gorogoro chache kila juma, chagua omena iliyoanikwa juu ya nyavu, si ile yenye mchanga, ianike tena jua kali, uifunge pakavu. Gunia kuukuu lenye udongo na samadi kando ya mlango litatoa sukuma wiki, osuga na kunde, na mvua ya masika ikiwa na mfereji wa bati chini ya paa itapunguza mitungi ya kununua.

Jambo moja nalisema kwa ukali. Kubana kusianzie kwenye sahani ya mama. Nimeona nyumba ambamo baba anapata kichwa na mkia wa samaki, watoto wanapata ubavu, na mama anachovya ugali katika mchuzi akisema ameshiba. Siku akianguka, fedha za hospitali zitameza akiba ya mwaka mzima. Huo si uangalifu.

Na wewe mama ambaye mume wako anapeleka mshahara kilabuni au anakupiga, usiniletee maneno yangu ya kuaminiana ukaweka karo ya watoto mezani ili ikanywewe. Iweke salama, na mtu mmoja mwaminifu ajue iliko. Kisha waite wasimamizi wenu wa ndoa, au umwone padri wa parokia. Kuaminiana kunajengwa na wawili. Mmoja hawezi kukubeba peke yake.

Wale wa Nyamasaria nilipita kwao tena mwezi wa Agosti. Binti alikuwa amerudi shuleni Jumatatu iliyofuata ile jioni ya rozari. Mama ameacha fedha kidogo kwa dada yake, na baba anajua ni ngapi. Kuna Jumamosi mbili hawakukaa na daftari kwa sababu walikuwa wamenuniana, wameniambia wenyewe. Mkopo wa simu ulikuwa umebaki shilingi 400, na umeandikwa katika ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa baba.