Kuundwa Upya Si Kurudi: Tafakuri juu ya Vigari vya Kale vya Kuchezea

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Wakusanyaji wa vigari vya kale vya kuchezea wameipindua methali hiyo. Kwao kinyemi ni cha kale, na wakitamani kipya hukitamani kwa sharti moja tu: kiwe kile kile cha kale. Popote wakutanapo, mnadani au katika maonyesho yanayofanywa kwenye kumbi za miji ya Uingereza, hawakosi kuulizana ni kigari kipi kingefaa kiundwe tena leo. Mmoja atataja lori la maziwa, mwingine gari la zimamoto, wa tatu gari la mashindano alilolipoteza utotoni. Swali hilo laweza kuonekana dogo, la watu wazima wasiotaka kuacha mchezo. Hata hivyo, ndani yake mna suala zito la kimaadili, nasi tuishio mbali na makwetu tunalijua kwa sura nyingine: je, kilichopita kikiundwa upya sawasawa, kimerudi?

Yafaa tuanze na historia kwa ufupi. Kampuni ya Meccano ya Liverpool, iliyoasisiwa na Frank Hornby, ilianza kuuza vigari kwa jina la Dinky Toys mwaka 1934. Kampuni ya Lesney, iliyoanzishwa London mwaka 1947, ilipata faida kubwa mwaka 1953 kwa kuuza mfano mdogo wa gari la farasi la kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na mwaka huo huo ikazindua Matchbox, vigari vilivyouzwa ndani ya visanduku mfano wa kiberiti. Mwaka 1956 kampuni ya Mettoy, ambayo mwasisi wake, Philip Ullmann, alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, ikaanza kutoa Corgi Toys kutoka Swansea, Wales. Kisha zote tatu zikaanguka karibu kwa pamoja. Kiwanda cha Dinky kilifungwa mwaka 1979, Lesney ikafilisika mwaka 1982, na Mettoy mwaka 1983. Majina yakauzwa na kuuzwa tena. Leo Dinky na Matchbox ni mali ya Mattel ya Marekani, na Corgi imeingia mikononi mwa Hornby, kampuni yenye jina la yule yule aliyeasisi mshindani wake wa zamani.

Majina, basi, yalisalia. Mikono haikusalia. Wanawake wa Hackney waliokuwa wakivipanga vigari vya Matchbox, na mafundi wa Liverpool na Swansea waliochonga kalibu na kuyeyusha zinki, walikwenda zao wasirudi tena. Na vigari vya kale vinapotolewa upya katika karne hii, aghalabu huundwa Uchina. Ni nadra kumsikia mkusanyaji akitamani kiwanda kirudi pamoja na kigari chake. Hilo peke yake latuonyesha kwamba kile tukiitacho hamu ya zamani huchagua. Hukumbuka kitu na kumsahau aliyekiunda.

Lakini tuchimbe zaidi. Nini hasa kinachokifanya kigari cha mwaka 1965 kiwe asili, na cha leo kiwe nakala? Walter Benjamin, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyeandika pia juu ya vichezeo, alidai katika miaka ya 1930 kwamba kazi ya sanaa hupoteza haiba yake ya kipekee inapozalishwa kwa mashine. Hoja hiyo haitufai sana hapa, kwa sababu vigari hivi havikupata kuwa na haiba ya namna hiyo. Tangu siku ya kwanza vilitoka katika kalibu kwa maelfu na kwa mamilioni. Kila kimoja kilikuwa nakala ya mwenziwe, na vyote vilikuwa nakala za magari makubwa ya barabarani.

Tena hazikuwa nakala aminifu. Mfano mashuhuri ni Aston Martin DB5 ya James Bond, iliyotolewa na Corgi mwaka 1965 baada ya filamu ya Goldfinger. Katika filamu, gari lile lilikuwa la rangi ya fedha. Corgi walikipaka kigari chao rangi ya dhahabu, kwa kuwa rangi ya fedha ingekifanya kionekane kama chuma kisichopakwa chochote. Mwaka 1968 walitoa cha rangi ya fedha, kilichokaribia zaidi ukweli wa filamu. Pamoja na hayo, cha dhahabu ndicho kilichokaa mioyoni mwa watoto wa wakati ule, na anayetaka kiundwe upya kwa uaminifu hutaka kosa lile lile lirudiwe. Husemwa kwamba ya kale ni dhahabu. Hapa dhahabu yenyewe ilikuwa rangi ya kurahisisha biashara.

Kwa hiyo asili haimo katika upekee, wala haimo katika usahihi. Imo wapi? Nadhani imo katika kazi ambayo kitu kiliundwa kuifanya. Kichezeo ni miongoni mwa vitu vichache vinavyotimiza wajibu wao kwa kuharibika. Rangi iliyobanduka pembeni, tairi lililopotea, mlango uliolegea: hizo ndizo dalili za kichezeo kilichofanya kazi yake. Lakini sokoni kigari chenye bei kubwa ni kile ambacho hakikuguswa, kilichobaki ndani ya sanduku lake. Tunalipia zaidi kile ambacho mtoto hakukipata.

Kinachoundwa upya kimejitenga zaidi na kazi hiyo. Rangi za zamani zilizokuwa na madini ya risasi haziruhusiwi tena katika vichezeo, na ni haki zisiruhusiwe. Ncha kali na vipande vidogo vina masharti yake. Ndiyo maana nakala nyingi za siku hizi huuzwa kwa onyo kwamba si kichezeo, na kwamba zimekusudiwa watu wenye umri wa miaka 14 na zaidi. Umbo limerudi, uzito umerudi, hata sanduku limerudi, ila yule ambaye vyote hivyo viliundwa kwa ajili yake amezuiwa mlangoni.

Kuna kigari kimoja kinachotuhusu kwa karibu. Katikati ya miaka ya 1960 Corgi walitoa Volkswagen nyekundu ya mbio za magari za Afrika Mashariki. Juu ya sanduku kuna neno letu wenyewe, safari, na ndani, pamoja na gari, yumo kifaru wa plastiki. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kule kule kulikoitajirisha Lesney, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilizishinda zaidi ya mara moja. Mwaka 1965 aliyeshinda ni Mkenya, Joginder Singh, akiwa na nduguye Jaswant, kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Ila aliyechaguliwa kuiwakilisha nchi ndani ya sanduku lile la Corgi ni mnyama.

Tuseme kigari hicho kitaundwa upya kesho, bila kubadilishwa hata nukta. Je, kitakuwa kile kile? Mtoto wa Kiingereza wa wakati ule alimwona kifaru kama tishio la njiani, mnyama tele wa nyikani. Mwaka 1970 vifaru weusi barani Afrika walikadiriwa kuwa takriban 65,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wamepungua hadi chini ya 2,500, kwa sababu ya ujangili hasa, na ingawa idadi imeanza kupanda, bado wako hatarini. Kifaru wa plastiki, akirudi leo na umbo lile lile, atakuwa ametoka katika mchezo na kuingia katika maombolezo. Hakuna kalibu iwezayo kuzuia badiliko hilo, kwa kuwa halikutokea ndani ya kitu. Limetokea duniani.

Hapa ndipo muundaji anapokabiliwa na uamuzi wa kimaadili. Akikitoa kama kilivyokuwa, anarudia picha ya nchi yenye wanyama pasipo watu. Akikisahihisha, akamwondoa kifaru na kumweka dereva Mkenya, anaidanganya historia, kana kwamba waliotangulia waliona kile ambacho hawakukiona. Kwa maoni yangu uaminifu ndio bora, kwa masharti mawili. La kwanza, nakala ibebe mwaka wake halisi mahali paonekanapo, ili asitokee wa kuiuza kama ya kale, na ili picha ile isomwe kama ushahidi wa wakati wake. La pili, kuunda upya kusiwe mwisho wa kuunda. Asiyewekwa ndani ya sanduku zamani hatendewi haki kwa kuchomekwa ndani ya sanduku hilo la zamani. Atendewe haki kwa kuundiwa lake.

Atakuwapo wa kupinga, aseme kwamba nawatwisha wazee wa watu mzigo mkubwa kwa ajili ya starehe isiyomdhuru yeyote. Pingamizi hilo lina uzito. Hamu ya zamani si dhambi, na wakusanyaji wamehifadhi maarifa ya usanifu na uchoraji ambayo viwanda vyenyewe havikuyajali. Isitoshe, vigari vingi vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia vinapasuka na kumomonyoka vyenyewe, kwa kuwa zinki yake ilichanganyika na risasi. Ipo siku nakala ndiyo itakayobaki kuwa shahidi. Nisilolikubali ni dai moja tu, kwamba nakala imetupatia tena kile tulichokipoteza.

Dai hilo latugusa sisi wa ughaibuni. Wengi wetu, tukiwa Muscat, London au Minneapolis, tunaitaka Mombasa au Unguja kama mkusanyaji autakavyo mfano wake: ndani ya sanduku, na rangi ya siku ile tulipoondoka. Tukikuta mtaa umejengwa ghorofa, au vijana wanasema Kiswahili tusichokizoea, twanung'unika kwamba si penyewe. Lakini pale ni penyewe, kwa sababu pametumika. Palipobanduka rangi ndipo watu walipoishi tukiwa hatupo.

Wapo pia watoto wa kwetu waliojiundia magari kwa waya, makopo na ndara zilizokatika, na wapo wanaoyaunda hata leo. Magari hayo hayana kalibu, wala hakuna kampuni inayoombwa iyatoe tena. Likivunjika, mwenyewe hulipinda upya, akalibadili kidogo kwa kufuata gari jipya alilolionea barabarani. Anayejua kuunda hasubiri kuundiwa. Basi na viundwe upya vile vya Corgi na Dinky, kwa furaha ya wanaovipenda. Ila atakayekinunua kimoja akumbuke kukitoa sandukuni, na kama nyumbani mwake mna mtoto aliyekwisha kufikia umri wa kuruhusiwa, ampe akichakaze.